Mpango wa Bwana Masharubu

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika! Hoteli ni nyambizi. Yaani wamejenga nyambizi nzima nchi kavu, na mimi nimesimama mapokezi mdomo wazi mpaka Mama Watoto akaufunga kwa kidole. Milango ya duara. Mabomba ya shaba darini. Mhudumu wa mapokezi kavaa sare ya nahodha, akanipigia saluti. Nami nikampigia, begi likaniangukia mguuni. Ukipanda lifti kwenda ghorofa ya tatu, sauti inatangaza kwamba tunazama mita mia tatu. Nimepanda mara nne. Waliobuni haya wapewe nchi waongoze.

Sasa kazi. Nyuma ya hoteli kuna bustani ya viumbe wa baharini, na humo yumo sili mzee, yule mnyama mnene wa baharini mwenye masharubu, anayeitwa Bwana Masharubu. Kila siku saa kumi jioni mtoto mmoja huitwa jukwaani kumlisha samaki. Mmoja tu! Nimemwahidi Kitinda, binti yangu wa mwisho, miaka minane, kwamba ataitwa yeye. Nina sababu. Mwalimu wake alimwambia mbele ya darasa zima kwamba anasoma kwa kusuasua. Tangu siku hiyo mtoto kanywea. Hacheki, hata katuni hataki. Baba gani ataliona hilo akakunja mikono?

Nimechukua kikaratasi mapokezi. Mbele kimejaa maandishi, nyuma cheupe, safi kabisa. Nimechora mpango: jukwaa, viti, mishale. Aliyeitwa leo alikuwa na kofia ya njano. Basi siri ni kofia.

Mwanyumba wangu naye yupo na familia yake. Yeye kamwoa dada mtu, mimi mdogo mtu, na safari hii dada hao waliipanga bila kutuuliza. Anatembea na filimbi shingoni na ratiba aliyoifunika plastiki. Binti yake naye anamtaka sili. Tutaona.

Jumanne, 5 Agosti

Kofia nne za njano, familia nzima. Kifungua, mwanangu mkubwa wa miaka kumi na tatu, alivua yake, akasema hatujui, akahamia safu nyingine. Kumbe wafagiaji wote wa bustani wanavaa kofia za njano! Nimeulizwa choo kiko wapi mara kumi na moja. Bibi mmoja kanikabidhi nepi ya mjukuu wake na kunishukuru. Nikaipokea, ningefanyaje? Saa kumi kaitwa mtoto asiye na kofia.

Ila huyo mama anayemfundisha sili, jamani! Namwita Mama Ndoo kwa sababu haachani na ndoo yake. Mfupi, buti za mpira, hapazi sauti. Anainua kidole kimoja, mnyama wa kilo mia mbili anatulia tuli. Mimi nyumbani napiga kelele saa nzima na hatulii mtu. Namvulia kofia, tena ya njano.

Kabla ya kulala Kitinda kaomba kuuona mpango. Moyo umenijaa! Kaushika muda mrefu, midomo ikichezacheza. Ila maskini kaugeuza, anaangalia upande usio na mchoro. Nikamgeuzia. Akaurudisha vilevile. Nimemwacha. Ramani si mchezo.

Jumatano, 6 Agosti

Samaki mfukoni. Rahisi hivyo, nani mwingine angeliwaza? Nilimwomba mpishi samaki mmoja mbichi, akaniuliza kama ninaumwa. Tumekaa safu ya mbele. Hesabu yangu: sili anasikia harufu, anamjia Kitinda, Mama Ndoo anaona mapenzi hayo, mtoto anaitwa.

Bwana Masharubu alisikia harufu. Aliuacha mpira wake, akashuka jukwaani, akaja moja kwa moja kwenye suruali yangu. Sikukimbia. Niliondoka kwa haraka. Tulizunguka bwawa mara mbili, mimi mbele, yeye nyuma, watu wamesimama wanapiga makofi, wanadhani ni sehemu ya onyesho. Mzunguko wa tatu nikateleza, chubwi! Na viatu.

Mama Ndoo kainua kidole. Sili katulia. Nami, naapa, nikatulia humohumo majini.

Baadaye kaniambia kwa upole kwamba samaki wa yule mzee wanapimwa kwenye mizani kila siku, tumbo lake halina nguvu tena, na samaki mmoja wa mfukoni angemlaza wiki nzima. Afadhali angenizaba kibao. Nimeona aibu ya kweli. Amri: mimi safu ya mwisho mpaka tuondoke.

Mwanyumba karekodi kila kitu. Lakini Kitinda kacheka mpaka kashikwa na kwikwi! Mwezi mzima sijasikia kicheko kile. Kwa kicheko kile narudi majini hata na koti. Jioni kauomba tena mpango, kaushika vilevile kinyume.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Kaitwa binti wa Mwanyumba.

Hilo ni dogo. Safu ya mwisho iko chini ya kipaza sauti, na leo kwa mara ya kwanza nimesikiliza. Siku zote nilikuwa nachora. Kumbe kabla ya kulisha, mtoto anasoma! Anapewa karatasi, anawasomea watu wote habari za Bwana Masharubu. Jasho limenitoka. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya darasa, mimi baba yake nimehangaika siku nne nimpeleke akasome mbele ya watu elfu moja!

Nimemuuliza Mwanyumba amefanya ujanja gani. Eti walijiandikisha, eti imeandikwa wazi. Muongo mkubwa! Ila nikiri kwamba binti yake alisoma vizuri, na Mwanyumba alilia waziwazi bila kujali mtu. Nilimpa kitambaa changu. Bado kilinuka samaki.

Mpango mpya: Kitinda asiitwe. Kesho ndiyo siku ya mwisho.

Ijumaa, 8 Agosti

Tangu saa nane mchana nikaumwa tumbo. Nimeugulia kwa ufundi, hata nikajionea huruma mwenyewe. Lengo: wote wabaki chumbani kuniuguza mpaka saa kumi ipite. Mama Watoto kanifunika shuka, kaniwekea maji, kaniambia pole baba, pumzika. Kawachukua watoto, wakaenda.

Nimetoka mbio na shuka begani. Lifti ikatangaza kwa madaha kwamba tunapanda juu ya bahari. Nimefika safu ya mwisho nahema, na Mama Ndoo anaita jina la binti yangu.

Nilitaka kupiga kelele. Nikajiziba mdomo kwa shuka. Kitinda kasimama jukwaani, karatasi mkononi, kidole chini ya mstari. Kaanza. Polepole, neno baada ya neno. Halafu kakwama kwenye neno aliyeokolewa. Karudi nyuma. Kakwama tena. Mama Ndoo hakumsaidia. Alisimama tu na ndoo yake, hana haraka, na sili naye kamkodolea macho mtoto, anangoja. Mara ya tatu: a-li-ye-o-ko-le-wa! Mwanyumba kapuliza filimbi kwa nguvu zote. Kifungua, ambaye hatujui, kasimama juu ya kiti akipiga kelele kwamba yule ni mdogo wake. Mimi nimelilia kwenye shuka la hoteli. Samaki kaliwa.

Kitinda kanieleza yote. Mbele ya kikaratasi changu imeandikwa kwamba mtoto anayetaka kumlisha sili aende mwenyewe kwenye kibanda cha kijani saa mbili asubuhi, akajiandikishe. Kakisoma kidogokidogo kila jioni, kakimaliza jana. Leo asubuhi kampeleka mama yake, mimi nikikoroma. Nilimuuliza hakuogopa kusoma mbele ya watu wote wale? Kasema wewe baba ulianguka majini mbele ya watu haohao, na hukufa.

Nilimkumbatia tu. Mama Watoto kasema hakutaka kuniharibia raha ya kupanga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetafakari usiku kucha. Bila mpango kusingekuwa na kikaratasi. Bila kikaratasi, mtoto angesoma nini? Ushindi ni wangu, ingawa Kitinda kasaidia sana.

Tunaondoka leo. Wenzangu wamesema wanatoa mizigo nje. Nimechukua kikaratasi kipya mapokezi, nyuma cheupe, nimekaa chini ya mabomba ya shaba kuchora mpango wa mwakani. Kitinda karudi, kainama kusoma upande wa mbele kwa sauti, kidole kwenye mstari: gari la stesheni linaondoka saa nne kamili, halisubiri mtu. Kasoma bila kukwama hata mara moja! Nimemsifu sana, nikamwomba atulie kidogo, baba anafikiri.

Saa nne kasoro dakika moja. Nje kuna gari linapiga honi na mtu anapuliza filimbi. Watu wengine hawana subira kabisa. Bado mishale miwili.