Korongo au Kochi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo tumeziona pikipiki zote mbili. Mpimaji ardhi mstaafu anauza moja na kubaki na nyingine. Tuchague sisi, mwisho Jumamosi. Ya kwanza ni fupi na pana, kiti kina mgongo, masanduku ubavuni. Nimeiita Kochi. Ya pili ina miguu mirefu, kiti kinanifika kifuani. Hiyo ni Korongo.

Baba Mtoto huzunguka wilaya nzima akitengeneza pampu za maji. Kochi hakuiangalia mara mbili. Korongo aliizunguka kama mtu aliyekuja kuposa.

Moyo ukanipiga paa! Korongo ni ya mtu mmoja. Mimi na mtoto mgongoni tutaipanda kwa ngazi? Tutaachwa nyumbani, basi. Na mama yangu macho yanamfifia, hajamwona mjukuu wake hata siku moja. Anasema ukungu unazidi kila wiki. Jumapili lazima tufike. Kwa hiyo, Kochi.

Cherehani ninayo, akili ninayo. Nimeichukua suruali yake ya kazi, nikaipunguza mapajani. Vidole viwili tu kila upande. Hatajua.

Jumanne, tarehe 4

Imefanya kazi! Alinyanyua mguu kuipanda Korongo, kitambaa kikamkatalia. Akarukaruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Mpimaji akamfariji kwamba umri ndio huo, unaingia bila hodi. Mume wangu ana miaka ishirini na tisa.

Furaha haikudumu. Mume amerudi akivuta tumbo ndani. Anasema amenenepa. Amejipima kiuno mara tatu kwa utepe wangu wa kushonea. Nilimkaangia mayai, akampa mtoto yote. Roho imeniuma. Si sana, lakini imeniuma.

Jumatano, tarehe 5

Wifi! Dada yake huyu anayekaa chumba cha mbele ameingilia. Kamtolea suruali ya marehemu baba yao, ile pana ya kuingia watu wawili. Mume akaenda kwa mpimaji peke yake, akarudi anapiga mluzi. Korongo ameipanda mara nne. Wifi akanitazama, akauliza kama siku hizi cherehani yangu inakula nguo za watu. Nikajifanya nanyonyesha.

Halafu kigoda changu kimepotea, kile ninachokanyaga kufikia rafu ya juu. Najua kakichukua nani. Nilimwambia wifi akirudishe. Akajibu kwamba yeye ana viti vinne, kigoda cha mtu mfupi cha nini? Hatusemezani.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango wa pili. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa mpimaji kimyakimya. Nikamnong'oneza kwamba mume wangu hupata kizunguzungu akiwa juu ya kitu kirefu. Alivyokuwa ananisikiliza vizuri, nikaongeza kwamba mwaka jana alianguka kitandani. Nilijua atasema, basi mchukue ile fupi.

Mzee akavua miwani. "Binti yangu, mtu wa kizunguzungu simuuzii hata baiskeli."

Hakuna Korongo. Hakuna Kochi! Nilirudi nyumbani. Mlangoni simu ikalia: mama. Leo kamimina chai nje ya kikombe. Aliniuliza mtoto amefanana na nani, nimweleze polepole, asije akakosa kumwona mwenyewe. Nikamwambia atamwona Jumapili, tunakuja.

Tunakuja na nini?

Ijumaa, tarehe 7

Sikula. Saa mbili asubuhi nilishafika kwa mpimaji. Nimekiri yote: kizunguzungu, kitanda, suruali. Mzee akavua miwani tena, akaifuta. Mtoto akamvuta ndevu. Nikasema moyoni, ndiyo basi tena.

Akaniita bandani. Korongo imechomelewa kikanyagio kipya ubavuni, chuma bado kinang'aa. Na chini yake kuna kigoda changu!

Kumbe mume wangu ndiye aliyekipeleka, Jumatano, ili fundi wa kuchomelea apate kipimo cha hatua yangu nikiwa na mtoto mgongoni. Na Kochi aliikataa kwa ajili ya kijito kinachokata njia ya kwenda kwa mama. Mvua hizi, ingezama na masanduku yake. Korongo ilikuwa ya kutufikisha kwa mama tangu mwanzo.

"Alitaka iwe siri," mpimaji akasema. "Naona nyumba yenu siri zimejaa mpaka darini. Njooni kesho, kama kizunguzungu kimepona."

Nimelia njia nzima. Wifi sijamwomba radhi ya kigoda. Nitamwomba. Si leo.

Jumapili, tarehe 9

Maji yalipanda mpaka kwenye kikanyagio, yakaniramba vidole. Nimemshika mume kiunoni, mtoto yuko katikati yetu. Katikati ya kijito Korongo ikazima. Moyo wangu ukazima nayo. Mume akashusha mguu majini. Akawasha, ikakohoa. Akawasha tena, ikanguruma. Tukavuka!

Mama alimsogeza mtoto dirishani penye mwanga, uso kwa uso, pua karibu zigusane. Akakaa hivyo mpaka nikaogopa.

"Nimemwona," akasema. "Ana paji la baba yako."

Mume akainama kutua mzigo tuliomletea mama, ile suruali ya kazi ikachanika nyuma, prrr! Akakiri mbele ya mkwewe kwamba kweli amenenepa. Nikasema kidogo tu, nikaomba sindano.

Nimeapa juu ya kichwa cha mtoto: mipango nimeacha. Nikitaka kitu, nitakisema.

Jumatatu, tarehe 10

Mama anakuja kwetu mwezi ujao, atibiwe macho. Mume mwenyewe ndiye aliyesema. Sasa atalala wapi? Chumba cha wifi kina dirisha kubwa, mwanga wa kumfaa mgonjwa wa macho. Chumba cha nyuma kingemtosha wifi vizuri tu.

Ningeweza kumwomba. Ni mtu wa kuombeka. Leo kanisalimia yeye kwanza, akamletea mtoto ndizi.

Nimejitolea kumfulia shuka zake. Nitakuwa nafua kila wiki, na kila wiki zitarudi zimepungua, mpaka aone kitanda kimekuwa kikubwa kuliko shuka na chumba hakimpendi tena, ahamie cha nyuma mwenyewe.

Vidole viwili tu kila upande. Hatajua.