Doa Langu Juani

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa fizikia ametugawa wawili wawili tuchunguze madoa ya Jua. Darubini inaelekezwa juani, taswira inaangukia karatasi nyeupe, unachora. Ole wake atakayechungulia kwa jicho. Mmoja wetu atapelekwa kituo kikubwa cha darubini, mlimani. Nimepangwa na Binamu. Tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, sasa hata Jua tugawane.

Jumanne, 4 Machi
Mawingu. Binamu aliketi kusubiri. Mimi nikarudi nyumbani, nikamwambia Mama safari ni yangu. Kaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani kuagiza koti la baridi. Kwa kipimo changu.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua doa. Kubwa, jeusi, upande wa kushoto. Binamu akasema nifute lenzi kwanza. Wivu huo. Nilimtuma chaki, nikachora na kuandika jina langu peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Doa halijasogea. Mwalimu anasema madoa yote husogea, maana Jua linajizungusha. Langu limetulia. Basi ni la aina ya pekee. Binamu karudia habari ya lenzi, kwa upole, kama anayemsemesha mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeficha michoro chini ya godoro.

Jumatatu, 10 Machi
Mtaalamu wa kituoni amekuja. Nikaeleza doa langu mbele ya darasa zima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akashika lenzi ya nyuma ya darubini, akaizungusha kidogo. Doa likazunguka nayo.
"Limegeuka Jua, mwanangu, au imegeuka hii?"
Akaitoa, akaifuta. Kinyesi cha nzi.
Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Binamu akasimama, akasema kosa ni letu sote wawili. Kwa hilo nimemchukia zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Kaenda Binamu. Mama alilipunguza koti mikono bila kunitazama. Chumba kimekuwa kikubwa. Hakuna wa kugombana naye.

Ijumaa, 14 Machi
Mwalimu kanihurumia. Nichunguze Mwezi, peke yangu, majuma mawili, nichore umbo lake kila jioni. Nimemaliza yote leo mchana. Kalenda ya ukutani ina picha za Mwezi za kila siku. Ni ya mwaka jana, lakini Mwezi si ni ule ule?