Viwiko Vyangu kwenye Vitambaa vya Mama Rosa

Leo nimeaibika, jamaa zangu wa Kisumu. Nimeaibika mpaka kwenye viwiko.

Mnakumbuka yale magamba meupe ya viwikoni mwangu, ambayo daktari aliyaita soriasisi, akasema hayaambukizi wala hayaishi kabisa? Nimehama miji minne, nayo yamehama nami. (Hakuna rafiki aliyenifuata hivyo.) Hapa Jericho, Nairobi, nakaa chumba kimoja na Mutua, mchonga vinyago. Mwezi uliopita mama yake alinitumia dawa kutoka Machakos: utomvu wa mshubiri uliochemshwa na mafuta ya mbarika na nta ya nyuki, ndani ya mkebe mtupu wa rangi ya viatu. Unapaka kwa kitambaa, asubuhi na jioni.

Jamani! Wiki ya tatu magamba yakaanza kulainika na kudondoka. Nilikaa kitandani nikigusa kiwiko changu kama mtu aliyepewa kingine. Mmea ambao hata mbuzi huupita!

Basi leo, Jumapili, nilikuwa naenda kujitambulisha kwa mama yake Rosa. Rosa ndiye mwanamke aliyenifanya nitake kutulia mahali pamoja. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mama ndilo la mwisho. Na mimi nina miaka arobaini na mitatu.

Asubuhi stima zimepotea. Mutua amelala, pazia limefungwa. Nikapapasa chini ya kitanda, nikapata mkebe, nikajipaka kwa wingi, nikavaa koti, nikaondoka.

Mnajua sebule za huku. Kila kochi limevaa kitambaa cheupe cha kufuma, mgongoni na mikononi.

"Amevifuma mwenyewe, mwaka mzima," Rosa akaninong'oneza. "Usimwage chai."

"Vua koti, mwanangu," mama akasema. "Joto gani hili!"

Nikavua kwa madaha! Ndani nilikuwa na shati la mikono mifupi, la kwanza tangu nimalize shule. Nikaegemeza viwiko. Nikasimulia Mombasa, nikasimulia Kampala, na kila hadithi nikahamia kiti kingine ili niwaoneshe vizuri. (Mimi siwezi kukaa, mnanijua.)

Chai ikaja. Tukasimama tuiombee. Mama hakufumba macho.

"Mwanangu, kwani wewe unauza makaa?"

Nikageuka. Makochi matatu! Madoa meusi ti, mawili mawili, kila nilipokaa! Ndipo nikakumbuka kwamba Mutua naye ana mkebe kama wangu: rangi nyeusi ya viatu anayopaka vinyago ili mti wa kawaida ung'ae kama mpingo.

"Rosa, lete kitambaa chenye maji."

Mama akanishika mkono, akasugua. Weusi ukatoka. Magamba yaliyosalia yakaonekana. Akayatazama. Nikajua tayari anawaza ukoma. Nikaanza kutafuta koti langu kwa macho.

Akafungua kilemba chake.

"Mama!" Rosa akasema, akaketi chini. Hata yeye hakuwahi kumwona kichwa wazi. Kwenye ukingo wa nywele, kutoka sikio hadi sikio, yalikuwa yale yale, meupe, yanang'aa kama fedha.

"Miaka thelathini," mama akasema polepole. "Nilidhani ni mimi peke yangu Nairobi nzima."

Nimeona bahari, nimeona ziwa, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama kilemba kile kikifunguliwa. Nikamweleza yote: dawa ya Machakos na mikebe miwili.

"Sasa dawa yenyewe iko wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Kailete. Mambo ya Rosa tutaongea ukirudi. Na vitambaa utavifua wewe."

Nikakimbia. Nikamkuta Mutua mlangoni, jasho linamtoka, anasugua twiga.

"Ndugu yangu, tangu asubuhi nampaka! Huyu mnyama amekataa kabisa kuwa mweusi!"

Dawa ilibaki robo mkebe. Mama Rosa ameipokea kwa mikono miwili.

Ndiyo maana barua hii ina povu. Niko uani kwa mama mkwe (ameniruhusu kumwita hivyo, mradi madoa yatoke), na twiga wa Mutua ana ngozi laini kutushinda wote. Atakayecheka aje na sabuni.