Mbwa Mwenye Firigisi

Jumatatu, 2 Juni
Halmashauri imekaza sheria. Hauzwi mtoto wa mbwa asiye na chipu ya utambulisho mwilini, yenye jina la mfugaji. Mkaidi ananyang'anywa leseni. Wa kuzidunga ni daktari wa mifugo, ambaye hanisalimu tangu nimwambie paka wake ni mnene. Nimeagiza chipu zangu, ndogo kama punje za mchele, na kuzisajili. Sheria inataka ziwe ndani ya mbwa. Jibini nayo huingia ndani ya mbwa.

Jumanne, 3 Juni
Watoto wote watano wa mbwa wamekula jibini yenye chipu. Nimepitisha kifaa cha kusoma chipu juu ya matumbo yao, kikalia. Jirani Mererid, naye mfugaji, akachungulia ukutani: "Mzee Tegwyn, unawapiga pasi?" Nikaendelea kupitisha. Watiifu wa sheria tuna kazi nyingi.

Jumatano, 4 Juni
Chipu zimetoka, kwa njia ya kawaida. Nikafuata koleo. Kurudi, bata bukini wa Mererid keshadonoa zote. Nimesoma kwamba vitu vigumu hukaa kwenye firigisi ya bukini, vikimsagia chakula. Kwa hiyo hatazitoa leo. Wala mwezi huu.

Alhamisi, 5 Juni
Bi. Pugh, mkaguzi wa halmashauri. Watoto: kifaa kimya. Akaingia bukini, akamng'ata buti, kifaa kikalia. Bi. Pugh akasoma: mbwa jike, kahawia, mpole, mfugaji Tegwyn Beynon. Akauliza kama huyu ndiye mpole. Nikasema rangi hubadilika wakikua. Leseni imesimamishwa hadi daktari awadunge wote, nami nihudhurie darasa la wafugaji.

Ijumaa, 6 Juni
Bonde hili mtu huitwa kwa kazi yake: Dai Maziwa, Wyn Majeneza. Leo dukani nimeitwa Tegwyn Firigisi. Nusu ya umri wangu nimeishi hapa, mke wangu kazikwa nyuma ya kanisa lao, na hadi jana nilikuwa "yule mgeni". Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 7 Juni
Darasani Bi. Pugh kafundisha kwamba mfugaji huwajibika kwa kila mnyama mwenye jina lake, maisha yote. Imeniingia sawasawa. Nimemweleza Mererid kuwa bukini ni wangu kisheria. Akasema mchukue, babu, na majirani watanishukuru.

Jioni kapiga simu mama mmoja wa mjini Swansea, anatafuta mbwa mlinzi. Nikasema ninaye: ana chipu tano, hula majani, hapandi makochi. Akauliza kama anabweka.

Nikafungua dirisha, asikie mwenyewe.