Ukuta wa Chumvi

Jumatatu, 3 Februari
Balaa! Ukuta wa mawe nyuma ya duka langu hapa Kibondo umebomolewa na kijito. Mwanahawa, mke wangu, amesema maji yakigusa cherehani yake tena, anahamia kwa kaka yake aliyeko Kasulu. Hakucheka. Nimewaambia majirani wasihofu, mimi mtu wa pwani, kuta za bahari nimezizoea. (Nilikwenda Pangani kuoa tu. Niliumwa tumbo, bahari sikuiona.) Wamenichagua msimamizi wa kuujenga upya!

Jumanne, 4 Februari
Watu wamejaa! Kabla hata ya kushika jiwe wakauliza pombe ya ndizi iko wapi. Huku kazi ya pamoja bila pombe haijulikani. Mimi Mwislamu, nikatoa kahawa na kashata. Wamekunywa, wamekula, wameshukuru sana. Kisha wakavuka kijito kumjengea jirani yangu wa ng'ambo, Leonidasi, aliyeweka madumu ya pombe barazani. Mnafiki! Ukuta wake sasa unanifika kifuani. Maji yote yatakuja kwangu.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata! Stoo kuna magunia ya chumvi ya Uvinza, imeshika unyevu, haiuziki. Nimeyapanga mwenyewe pale ukuta ulipobomoka, nikafunika turubai. Mwanahawa akauliza kama nina akili timamu. Nikamjibu bahari yote ni chumvi na pwani bado ipo. Ameanza kukunja nguo zake.

Alhamisi, 6 Februari
Ng'ombe wa Leonidasi! Wote! Wamerarua turubai, wanalamba ukuta wangu. Dume moja limenikodolea macho, nikarudi ndani. Nimemwita mwenyewe awaondoe. Akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kwa upole, akasema Mungu anibariki, alikuwa hajawapatia chumvi tangu mwezi jana.

Ijumaa, 7 Februari
Mvua usiku kucha. Maji hadi kaunta. Cherehani imelowa yote. Mwanahawa amepanda gari la Kasulu. Aliniaga kwa heshima, na hiyo ndiyo imeniogopesha. Nimelia kidogo nyuma ya friji.

Jumamosi, 8 Februari
Nimefikiri bila hasira. Kosa nimeliona: ng'ombe. Chumvi yenyewe haikuwa na tatizo. Rafu ya juu zimebaki katoni za sabuni ya miche, kavu kabisa. Umbo lake tofali tupu, na ng'ombe hali sabuni! Nimemtumia Mwanahawa ujumbe afungashe, nikimaliza ukuta namfuata nimrudishe nyumbani. Leo naanza msingi.