Gari Pekee Lisilo na Kikombe

Siku mbili kabla ya milango ya ukumbi kufunguliwa, Idara ya Usimamizi wa Maoni iliutangazia umma, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba magari yote arobaini na moja yaliyosajiliwa kwenye Maonyesho ya Magari Yaliyoundwa Upya yamekwisha kushinda nafasi ya kwanza. Hatua hiyo, tangazo lilifafanua, ilikusudiwa kuondoa msongamano katika nafasi ya pili.

Bi Sindano, fundi wa viti vya magari, aliwekewa kikombe juu ya boneti ya pikapu yake hata hajamaliza kuifuta vumbi. Viti vya pikapu ile vilimchukua miezi kumi na minne: ngozi ya kahawia, uzi mweupe, kila tundu kwa mkono wake. Mabati na rangi vilikuwa kazi ya shemeji yake, fundi bodi. Shemeji alikibusu kikombe, akapiga nacho picha, akaenda zake kutafuta soda. Bi Sindano hakukigusa. Yeye alitaka kitu kimoja tu: mtu asiyemjua akae kwenye kiti chake, aseme lolote.

Milango ilipofunguliwa, watu walifurika. Walitazama, wakafungua midomo, wakakumbuka, wakaifunga. Ukutani palibandikwa Waraka Namba Saba: gari lililokwisha kutuzwa limekamilika kimaoni, na atakayeliongezea maoni atahesabiwa kuwa anaichokonoa tuzo. Bibi mmoja aliyetaka kusema jambo kuhusu taa alivutwa mkono na bintiye.

Bi Sindano akaenda kwenye dawati la maoni. Karani alikuwa mzee mpole mwenye mihuri miwili, wa kukubali na wa kukataa, na mrundo wa fomu ambazo hazijaguswa. Bi Sindano akamwomba atembee hatua kumi tu, akae kidogo kwenye kiti cha pikapu.

"Kukaa naweza, mama," karani alisema. "Ila nikishakaa nitakuwa na maoni, na mimi ni mtumishi wa umma."

Saa tano mvua ikashuka. Gari la Mkurugenzi wa Idara, jeusi, refu, vioo vyeusi ti, halikuzoea kulowa, kwa hiyo liliingizwa ukumbini na kuegeshwa baina ya pikapu na ukuta. Mkurugenzi akapanda jukwaani kuhutubia. Hotuba ilikuwa na sehemu sita.

Sehemu ya pili haijaisha, mtu mmoja alilizunguka gari jeusi na kuona halina kikombe. Akamuuliza karani kama linaruhusiwa kutolewa maoni. Karani akavaa miwani, akausoma waraka tangu juu hadi chini, akasema halijatuzwa, basi liko wazi. Foleni ikapinda mara tatu. Watu waliobana maoni tangu asubuhi wakayamwaga yote pale. Na kwa kuwa waraka uliagiza maoni yaliyokubaliwa yabandikwe kwenye chombo kinachohusika, karani aligonga mhuri na kubandika, akagonga na kubandika, mpaka boneti ikawa nyeupe.

Mkurugenzi aliposhuka, akasoma. Mmoja aliandika kwamba gari hili hupita mtaani kwao kila siku na halijawahi kusimama. Mwingine, kwamba kwa vioo hivi hajui kama ndani huwa kuna mtu. Wa tatu alisema anaifahamu honi kuliko mwenye gari.

Foleni iliendelea, tena kwa adabu. Mama mmoja alimwomba Mkurugenzi radhi, akamsihi asogee kidogo apate pa kubandika. Mkurugenzi akatafuta pa kujificha, na mlango uliokuwa wazi karibu naye ulikuwa wa pikapu. Akaingia, akaketi. Bi Sindano akabana pumzi.

Mkurugenzi aliegemea, akafumba macho, kisha akapapasa nyuma ya mgongo wake.

"Mama, kiti hiki kimenipokea kuliko cha kwangu," alisema taratibu. "Ila hapa kiunoni mshono umekwenda upande."

Ulikuwa umekwenda upande tangu mwezi wa tatu wa kazi. Shemeji hakuuona, na walioleta kikombe hawakuuona. Machozi yakamlengalenga Bi Sindano. Akamwomba, kama si usumbufu, amwandikie hayo kwenye fomu akayatundike karakanani.

Mkurugenzi, ambaye alikuwa hajatoa maoni yake mwenyewe kwa miaka tisa, aliandika kwa mwandiko mzuri, akasahihisha neno moja, akaenda kupanga foleni. Zamu yake ilipofika, karani aliisoma fomu kwa makini, akatazama namba ya gari, akaufikia mhuri wa kukataa.

"Gari hili limekamilika kimaoni, mheshimiwa."

Mkurugenzi akauliza, kwa sauti ya chini, mtu akikataliwa hukata rufaa wapi.

"Kwa Mkurugenzi," karani alisema, akimrudishia fomu. "Ila leo hayupo ofisini. Jaribu Jumatatu, na usiweke matumaini sana, maana huwa hapokei watu."