Weekend ya Kwanza Gazetini

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri mkuu katuita sisi wawili wa ghala la magazeti ya zamani. Gazeti letu la Kiingereza linatimiza miaka tisini. Anataka makala kuhusu neno "weekend": tuliliandika lini kwa mara ya kwanza, na watu wa enzi hizo walilitumiaje. Atakayelipata la zamani zaidi atapewa ukuu wa ghala. Kiti kiko wazi tangu mkuu wa zamani astaafu. Kina magurudumu!

Tatizo dogo. Ukuu huo nilishamtangazia mke wangu mwezi jana. Akamwambia mama yake. Mama mkwe akauambia mtaa mzima. Kwa hiyo siombi cheo, nakifuata tu kilipo.

Mpinzani ni mwenzangu, Miwani. Tunamwita hivyo kwa kuwa anazo mbili, moja machoni, nyingine kichwani.

Jumanne, 4 Machi
Miwani kaanza na jalada la mwaka wa kwanza, ukurasa kwa ukurasa, na glavu mkononi. Mimi natumia akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. (Upara wangu hauhusiki.) Alipokwenda kunywa chai nikabadilisha lebo za majalada, apotee.

Karudi, kasoma tarehe zilizochapwa juu ya kurasa. Kumbe lebo hazitazami! Anayezitazama ni mimi. Nimeshinda kutwa katika mwaka wa arobaini nikidhani ni wa nne.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi Miwani kapata! Mwaka wa sita: klabu ya maofisa inatangaza mbio za farasi za "weekend". Kasema ameona jambo: miaka ile neno hilo ni la wakubwa tu. Wao wana weekend. Makarani, ukurasa huohuo, wana nusu siku ya Jumamosi na onyo la kuchelewa. Nikamsifu, huku roho inaniuma.

Saa tisa alasiri zamu yangu. Mwaka wa tatu, ukurasa wa tano: "Weekend njema kwa familia nzima"! Sikusoma zaidi. Ya nini? Neno nililotumwa nimelipata. Nikapanda ngazi mbilimbili hadi kwa mhariri. Kasema nilionyeshe Ijumaa mbele ya wafanyakazi wote. Mama mkwe atakuja kukiona kiti.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu.

Chumba cha habari kilijaa. Mama mkwe mstari wa mbele, na viatu vyake vya harusini. Nikafungua jalada, nikahutubia dakika kumi juu ya furaha ya familia za kale. Miwani, aliyekwisha kuupitia ukurasa huo, akaomba, kwa heshima zote, aisome sentensi mpaka mwisho. "Weekend njema kwa familia nzima, mbele ya televisheni ya rangi."

Mhariri akauliza ni nani aliyekuwa na televisheni ya rangi miaka ile. Nikasema labda matajiri. Miwani akapitisha ukucha kando ya maandishi. Kipande kikanyanyuka. Kiraka! Mtu kaziba shimo kwa gazeti la juzijuzi, badala ya ile karatasi nyembamba ya kuungia.

Nani fundi huyo? Daftari la ukarabati likaletwa. Sahihi yangu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nikakumbuka: karatasi nyembamba nilikuwa nafungia chakula cha mchana. Nilitamani ardhi ipasuke. Tulikuwa ghorofa ya tatu.

Kiti kapewa Miwani. Mama mkwe akauliza kwa sauti, "Kwani mkuu si mkwe wangu siku zote hizi?" Akaenda kumpongeza Miwani, akamuuliza kama ameolewa, maana anaye mtoto wa kiume, na huyo si mwongo. Nimeumia. Kweli nimeumia.

Jumatatu, 10 Machi
Adhabu: nibandue viraka vyangu vyote, mia moja na kumi na vinne, mkuu mpya akinisimamia. Jana nimemwapia mke wangu kwamba ujanja basi.

Nimeanza na kile cha ukurasa wa tano. Chini yake shimo la panya, katikati ya habari ya gavana: atakwenda kupumzika shambani kwake, halafu shimo. Nimelipima kwa rula. Linatosha herufi saba. "Weekend" ina herufi ngapi? Saba!

Nani atathibitisha kwamba haikuwamo? Panya alishakufa. Nimeomba kumwona mhariri kesho saa tatu. Mke wangu nimemwambia amwalike mama yake Ijumaa, na safari hii aje na majirani.